Anayesema Habari Zetu Ng'ambo Tusimwache Peke Yake

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa kisomo kwa wahitimu wenzake, kando ya Ziwa Tanganyika

 

 Najua dagaa wako juani, na wengine wenu usiku kucha mlikuwa ziwani na taa. Sitawachosha. Nina jambo moja tu.

Juzi tulikuwa tunasoma pamoja. Mzee mmoja akainua mkono. Akasema: "Mwalimu, hapa wanasema wako Waingereza wanaokwenda kwenye mikutano mikubwa ya mambo ya kompyuta na simu. Wanasimama mbele ya watu, wanasema habari za vijiji vyetu. Na sisi tunaambiwa tuwaunge mkono. Sasa sisi inatuhusu nini? Wao wanapigiwa makofi, sisi tunabaki na jembe na wavu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa zito, nikaenda nalo nyumbani. Leo nimekuja na jibu.

Jibu langu ni hili: tuwaunge mkono. Lakini kuunga mkono si kupiga makofi. Kumuunga mkono msemaji ni kumpa neno la kweli, na kuhakikisha kuwa analifikisha hilo hilo. Asiyepewa neno la kweli atasema lake. Na akisema lake, sisi ndio tutakaoumia.

MTO UNAINGIA AU UNATOKA?

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika ziwa letu. Sikilizeni.

Mwezi wa Februari mwaka 1858 Waingereza wawili walifika Ujiji. Mmoja aliitwa Richard Burton, mwingine John Speke. Walitoka pwani na msafara wao. Katika msafara ule alikuwamo Mwafrika mwenzetu, Sidi Mubarak Bombay, aliyewasaidia sana kwa njia na kwa lugha. Wageni wale walikuwa wanatafuta mahali unapoanzia mto Nile.

Wakasikia kwamba kaskazini mwa ziwa uko mto, jina lake Rusizi. Wakajiuliza: mto huu unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kwenda kaskazini, basi labda ndio mwanzo wa Nile. Wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, upande wa Kongo ya leo. Wenyeji wa huko wakawaambia wazi: mto unaingia ziwani. Maneno yale yaliwavunja moyo. Wakarudi bila kuufikia mto wenyewe.

Waliporudi kwao, ubishi ukaanza. Speke alisema Nile inatoka katika ziwa jingine, lile tunaloliita Victoria. Burton hakukubali. Mwezi wa Septemba mwaka 1864 ulikuwako mkutano wa wataalamu mjini Bath, Uingereza. Watu wakakusanyika wawasikilize wale wawili wakibishana. Siku moja kabla ya ubishi, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake alipokuwa akiwinda. Baadaye Burton akaandika kwamba Rusizi unatoka ziwani. Yaani kinyume kabisa cha walivyoambiwa na wenyeji.

Ubishi wa Rusizi ulikwisha lini? Mwezi wa Novemba mwaka 1871. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji, wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini, wakaona kwa macho yao: Rusizi unaingia.

Hesabuni wenyewe. Toka mwaka 1858 mpaka 1871 ni miaka 13. Miaka 13 wakubwa wa elimu wanabishana juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira alilijua. Na walikwisha kuambiwa!

Kwa nini neno la wenyeji lilipotea? Kwa sababu kule Bath hakuwapo mtu wa Uvira. Wala haikuwapo barua ya Uvira. Neno lilibebwa na wageni tu. Burton alipotaka kuligeuza, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwambia: hapana bwana, hatukusema hivyo.

DAKTARI JANE NA VIJIJI VYA GOMBE

Sasa nitoe mfano wa pili, ulio karibu zaidi.

Tarehe 14 Julai mwaka 1960 msichana wa Kiingereza wa miaka 26 alishuka kwenye mashua pale Gombe, pamoja na mama yake. Ndiye Jane Goodall. Alikuja kuangalia maisha ya sokwe. Kabla ya mwaka ule kwisha alimwona sokwe akichukua kijiti cha nyasi, akikitia katika kichuguu, na kutoa mchwa wa kula. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza chombo cha kazi. Habari ile ikatikisa dunia, na jina la Kigoma likajulikana.

Lakini miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege juu ya Gombe. Akaona ndani ya hifadhi kuna msitu, na nje yake vilima vimebaki vitupu. Akatambua kuwa huwezi kumlinda sokwe huku jirani yake ana njaa. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE hapa kwetu Kigoma. Wenye mradi walikwenda vijijini kwanza kuuliza: ninyi shida yenu ni nini? Watu wakataja afya, shule, maji na chakula. Kazi ikaanzia hapo.

Kisha zikaja picha zilizopigwa kutoka juu sana angani, kwa chombo kinachoitwa setilaiti. Wanakijiji walizitandaza, wakaziangalia. Mtu ambaye hajawahi kuona picha ya namna ile aliweka kidole akasema: hiki ni kilima chetu, hii ni njia ya kisimani, huu ni msitu wa wazee. Kwa nini aliweza? Kwa sababu ardhi ile anaijua kwa nyayo zake. Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 kuzunguka Gombe vilikuwa vimekwisha kukamilisha mipango yao ya matumizi ya ardhi: hapa pa kulima, hapa pa kujenga, hapa msitu wa kijiji. Na wako watu wa vijiji waliochaguliwa kufuatilia misitu ile. Wanatembea na simu. Wakikuta mti umekatwa, au nyayo au kiota cha sokwe, wanaandika humo humo. Habari ile inaingia kwenye kompyuta na kuonekana katika ramani.

Sasa ndugu zangu, mwaka 2019 Daktari Jane, akiwa na miaka 85, alisimama mjini San Diego, Marekani. Ulikuwa mkutano wa kampuni ya Esri, inayotengeneza programu za kompyuta za kuchorea ramani. Maelfu ya watu walikuwapo. Wale ni mabingwa wa kompyuta, hawakosi kuona mitambo. Kwa nini wamsikilize bibi kizee? Kwa sababu nyuma yake palikuwa na kitu cha kweli. Palikuwa na miaka mingi ya Gombe, na palikuwa na vijiji vya Kigoma vilivyoweka kidole chao kwenye ramani. Msemaji alikuwa mmoja, lakini aliosema habari zao ni wengi.

Tarehe 1 Oktoba mwaka 2025 Daktari Jane alifariki huko Marekani, akiwa na miaka 91. Kifo kilimkuta katika safari ya kuhutubia. Sauti ile imenyamaza. Lakini mikutano haikukoma. Watasimama wengine, Waingereza na wasio Waingereza, kusema habari za ziwa hili. Wengine wao hawajakanyaga hapa kwa miaka mingi kama yeye. Je, watasema nini? Hilo ndilo linalotuhusu.

RAMANI YA WATU WOTE

Iko ramani nyingine ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Inaitwa OpenStreetMap. Aliyeianzisha ni Mwingereza, Steve Coast, mwaka 2004. Mtu mwenye simu au kompyuta anaongeza njia, mto, shule au zahanati, na dunia nzima inaona. Mwaka 2015 vijana wa Kitanzania walianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji, katika kazi iitwayo Ramani Huria. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 mkutano wa dunia wa mambo haya, uitwao FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam. Shabaha yake ilikuwa kwamba asiachwe mtu yeyote nyuma.

Katika mikutano ya ramani huria iko desturi nzuri. Watu wengi huleta hotuba zao, na nafasi ni chache. Basi mara nyingi wanaohusika huulizwa kwa njia ya intaneti: hotuba ipi mngependa kuisikia? Wanapiga kura. Ndiyo maana mnasikia maneno haya ya kuunga mkono.

KOSA LANGU MIMI

Hapa sina budi kusema kosa langu mwenyewe.

Siku moja alikuja kijana na simu, akiwa anaandika majina ya mito na njia. Nilikuwa nimechoka, tena nilimshuku. Nikasema moyoni, huyu ni wa kodi. Akaniuliza: "Shikamoo mzee. Kijito hiki kinaitwaje?" Nikamtajia jina la marehemu babu yangu, ili aondoke. Akashukuru, akaandika, akaenda zake.

Baada ya muda mjukuu wangu akanionyesha ramani katika simu. Kijito chetu kimeandikwa jina la babu! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaona aibu. Maana nilifikiri: je, angeuliza mpaka wa shamba la jirani, nami nikajibu vile vile? Je, kama mgonjwa wa kipindupindu anatafutwa na watu wa afya wakaelekezwa kijito kisichokuwapo? Kumbe Burton aliligeuza neno la kweli, lakini mimi sikulitoa kabisa. Kati yetu nani mbaya zaidi?

Mjukuu alisahihisha jina siku ile ile. Ramani ya watu wote ina wema huo: ukikosea, unasahihisha. Lakini msemaji akishasema uwongo mbele ya maelfu ya watu, nani atawafuata mmoja mmoja kuwaambia wamesikia vibaya?

TUFANYE NINI?

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo manne.

Kwanza, mtu akija kuuliza habari za kijiji, aulizwe barua yake na apelekwe kwa viongozi. Akiwa ni mtu halali, tumwambie kweli. Kama hujui, sema sijui. Sijui si aibu.

Pili, tumwambie pia yasiyofaa kutangazwa. Makaburi ya wazee, mahali pa heshima, nyumba ya mtoto aliyekimbilia kwa ndugu kwa sababu ya matatizo. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na mkutano wa kijiji una sauti. Tuitumie sauti hiyo.

Tatu, msemaji tunayemuunga mkono arudi. Akae hapa chini ya mwembe, atueleze kwa Kiswahili alisema nini, aliulizwa nini, na akajibu nini. Asiporudi, safari ijayo asitegemee mkono wetu. Na kila inapowezekana aende na kijana wetu mmoja. Mwingereza aseme aliyoyaona, na mwenyeji aseme anayoyaishi.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuandike. Ndugu wahitimu, kisomo mlikipata cha nini? Cha kusoma bei ya dagaa tu? Mkutano wa kijiji ukae, ukubaliane, muhtasari uandikwe. Iandikwe barua fupi: sisi wa kijiji fulani, tunamfahamu msemaji huyu, amefanya hili na hili kwetu, na tunaomba aseme hili. Mwenyekiti na mtendaji watie sahihi, na muhuri upigwe. Nakala moja ibaki ofisini. Mwingereza akisimama na barua ile mkononi, hasemi tena peke yake. Na akiligeuza neno, karatasi tunayo.

Uvira ya mwaka 1858 hawakuwa na karatasi. Sisi tunayo, na kalamu tunayo, na kusoma tunajua. Tukikosa kusema, tutamlaumu nani?

Mzee wangu uliyeuliza swali juzi, naomba barua ya kwanza uiandike wewe. Nimeona mwandiko wako, unasomeka vizuri. Nimekuja na daftari na kalamu. Hivi hapa, tuanze leo.