Malaika Hakuanza na Mahubiri

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya vijana wetu wa Kitengela na Kajiado ambao mioyo yao imelemewa, na namna ya kuwaandalia mahali pa kusaidiwa.

Fungueni Biblia zenu, 1 Wafalme sura ya 19. Eliya amemkimbia Yezebeli. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ametembea jangwani mwendo wa siku moja, naye ameketi chini ya mretemu akimwomba Mungu aitwae roho yake. Wako watu kanisani wasemao kwamba kijana mwenye sonona amepungukiwa na imani. Je, na Eliya, aliyetoka kuomba moto ukashuka Karmeli? Tazameni alivyohudumiwa. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamletea chakula mara ya pili. Swali la kumtaka aeleze habari zake lilimngoja Horebu, baada ya siku 40.

Sasa tutazame kwetu. Wakazi wengi wa Kitengela wametoka mahali pengine. Msichana hufika kutafuta kazi katika viwanda vya Athi River, hupanga chumba kimoja, wala hamjui jirani wa mlango wa pili. Kijana wa Kimaasai ambaye ng'ombe wa babaye walikufa katika ukame wa 2021 na 2022 huja kuwa mlinzi wa usiku, na mchana usingizi haumjii. Akizidiwa, aende wapi? Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa 1910, iko ng'ambo ya Nairobi, na hata jina lake watu wamelifanya tusi. Tena aliyejaribu kujiua alikuwa na hofu nyingine: kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimtishia jela ya hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Tulimshukuru Mungu. Lakini hukumu ya mahakama haimpi kijana mtu wa kuzungumza naye.

Kwa maoni yetu, vijana waulizwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Sisi watu wazima tukikaa peke yetu kwenye kamati, tutauelekeza mlango kwenye barabara ya Namanga, tutatundika kibao chenye herufi kubwa, na tutafunga saa kumi jioni, mwanafunzi akiwa darasani na mfanyakazi kiwandani. Nani atauingia mlango huo huku shangazi yake anauza nyanya upande wa pili?

Wala tusingoje mpaka madaktari wawe wengi. Kule Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kuketi na wenye majonzi kwenye benchi nje ya zahanati. Hapa Kenya, shirika la Shamiri liliwafundisha vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi, mara moja kwa juma, majuma 4. Walishiriki wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, na matokeo yalichapishwa 2021: waliokuwa katika vikundi hivyo walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Msaidizi wa namna hii lazima ajue mpaka wake. Kijana anayetaja kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile. Na aliyoyasema Jumamosi yasiombewe kwa sauti Jumapili! Maombi ya hadhara yamesambaza siri nyingi kuliko soko.

Ninyi wazee wa kanisa wenye chumba kisichotumika jioni, waiteni vijana juma hili, chai iwepo. Waulizeni wangependa mlango uelekee wapi, saa ngapi ufunguliwe, na ni nani wanayemwamini kukaa na ufunguo.