Malipo ya Mwalimu wa Likizo

 

Mwaka wa masomo katika Uganda huisha Disemba, na katika likizo hiyo ndefu watoto wa Katwe hujaa njiani. Mwalimu anayejitolea kuwakusanya na kuwafundisha kazi za mikono hupata malipo gani? Fedha ni kidogo, na mara nyingi hapana kabisa. Swali hili lastahili kujibiwa, maana mwalimu naye ana jamaa wa kulisha.

Katwe ni mahali pa mafundi. Mabati na mapipa yaliyotupwa na wengine hugeuzwa hapa yakawa masanduku ya wanafunzi wa bweni na sigiri za makaa. Nabii Daudi alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, basi asitokee mzazi wa kuidharau kazi hii.

Itazamwe hiyo sigiri. Mtoto ameambiwa darasani kwamba mzingo wa duara ni upana wake mara tatu na sehemu moja ya saba. Ameandika, amesahau. Likizoni hupewa mkasi wa bati, akaambiwa akate ukanda wa kuzunguka kitako chenye upana wa inchi 14. Akizidisha mara tatu tu, akakata inchi 42, ncha mbili hazikutani. Pengo la inchi mbili lamtazama. Mwalimu hana haja ya kukemea, bati limekwisha sema. Hukata tena inchi 44, na kidogo zaidi kwa ajili ya mkunjo. Na mara nyingi wa kwanza kuligundua jambo hilo ni yule aliyekaa nyuma mwaka mzima akihesabiwa mzito. Mwalimu auonaye uso wa mtoto huyo saa ile amekwisha lipwa, na malipo hayo hayakatwi kodi.

Yako malipo ya pili, na ushahidi wake umo humu humu Katwe. Mwaka 2004 Robert Katende, ambaye ni Mkristo, alianza kuwafundisha watoto wa hapa mchezo wa sataranji, na uji ukawa ukigawiwa. (Khitilafu za wanavyuoni juu ya mchezo huo zinajulikana, hapa yatazamwa mafundisho.) Mwaka 2005 alikuja binti Phiona Mutesi, akimfuata kaka yake, na njaa ikimsukuma. Aliyemwonyesha kwanza jinsi kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 binti huyo aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia huko Urusi. Wengi hustaajabia safari ile. Mwalimu mwenye busara humstaajabia zaidi yule mtoto mdogo, kwa kuwa mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Chama kikimwita mtu wa namna hii Disemba, kimpatie nauli na chakula, na watoto wapate uji. Mabati kuukuu yaombwe kwenye karakana. Wadogo waanze kwa waya na mipira ya migomba, wala wasisogezwe penye kuchomelea vyuma, kwani mwanga wake hudhuru macho. Darasa lifungwe kabla ya adhuhuri, watoto wapate kuosha masizi na kutawadha.