Kombe Zuri Lenye Sumu

Maji ya bamvua yakupwapo na miamba ikabaki wazi, kina mama na watoto wa pwani yetu hushuka kutafuta pweza na chaza, na katika kutafuta huko huenda jicho likavutwa na kombe zuri, jepesi, la urefu wa sentimita 10 hadi 15, jeupe lenye kuelekea uwaridi, na juu yake mistari ya hudhurungi iliyosukana. Aliyemo ndani ni konokono wa baharini ambaye mtaalamu wa viumbe Linnaeus alimpa jina la Conus geographus mwaka 1758, naye ndiye aliyeua watu wengi kuliko jamaa zake wote.

Mchana hujificha chini ya mawe. Usiku, samaki wadogo walalapo katika mianya ya mwamba, hutoka, akautanua mdomo wake hata ukawafunika, nao, kwa insulini iliyomo katika sumu yake, sukari ya damu yao hushuka wakapumbaa wasiweze kukimbia. Kisha huwachoma kwa jino lenye uwazi ndani na ncha ya kunasa, mithili ya chusa, nalo hutumika mara moja tu, kwani mengine yamo tayari mfukoni mwake.

Mwanadamu achomwapo huenda asihisi maumivu makubwa, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa ganzi huenea, macho yakaingia kiwi, ulimi ukawa mzito, na hatimaye misuli ya pumzi ikalegea. Wala hapana dawa ya kuizimua sumu hiyo. Kiungo kilichochomwa kifungwe bendeji pana, mgonjwa asitembezwe, abebwe hospitali mara moja, na pumzi ikimkatika apuliziwe bila kukoma hata afikishwe kwa tabibu.

Pamoja na hayo, katika sumu ya ndugu yake, Conus magus, wanafunzi wa Profesa Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, waligundua asili ya dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, nayo haileti uraibu wa afyuni.

Basi nawasihi, enyi wazazi, wafundisheni watoto kwamba kombe la namna hii lenye uhai haliokotwi kwa mkono, halitiwi mfukoni, wala halivunjwi. Liachwe mwambani, kwa usalama wetu na kwa manufaa ya tiba.