Damu ya Kuongezwa na Jina la Mgonjwa

(Maneno tuliyowaambia wanachama huko Gachoka)



Sisi si madaktari, ni watu wa reli. Lakini mwaka jana mwenzetu mmoja wa genge la njia aliumia mguu, damu ikamwagika sana, na hospitali ikaamua aongezwe nyingine. Haikupita nusu saa akaanza kutetemeka, mgongo ukamuuma, mkojo ukawa kama kahawa. Bibi yake alipiga kelele, sista akaja mbio akafunga mrija. Kumbe mfuko ule ulikuwa wa mgonjwa mwingine wa jina lile lile. Nanyi mwajua hapa kwetu akina Njeru na akina Nyaga ni wangapi!

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zinatofautiana. Leo twaziita A, B, AB na O. Mwenye A ana kinga mwilini inayopigana na damu ya B, hata kama hajapewa kamwe. Chembe ngeni hupasuka, na mafigo huharibika. Wazee husema damu ya ndugu ni moja. Katika jambo hili sivyo. Watoto wa mama mmoja waweza kuwa na damu mbalimbali.

Maabara hupima damu ya mgonjwa, kisha huijaribu pamoja na ile ya mfuko kuona kama zapatana. Kazi njema, lakini haifai kitu mfuko ukienda kitanda kisicho chake. Dereva haondoi gari la moshi mpaka aisome karatasi ya ruhusa ya njia, hata kama stesheni masta ni rafiki yake. Kitandani iwe vivyo hivyo: watu wawili wasome jina kamili, namba ya hospitali na aina ya damu. Mgonjwa aulizwe, "Jina lako nani?" Asiulizwe, "Wewe ni Njeru?" maana mwenye homa huitikia jina lo lote. Dakika 15 za kwanza asiachwe peke yake. Akisikia baridi, kuwashwa, au kifua kubana, semeni upesi mrija ufungwe, na mfuko usitupwe, urudi maabara.

Akina mama, ulizeni kliniki kama damu yenu ni Rh hasi. Mama wa namna hiyo akizaa mtoto wa Rh chanya, apewe sindano ya anti-D kabla ya saa 72 kupita, ili kinga yake isije ikamshambulia mtoto wa baadaye tumboni.

Mwenzetu alilala wiki 5 kwa ajili ya mafigo. Sasa yuko kazini, na bibi yake husoma jina hata kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.