Mbona Karani Mwenye Cheti Bandia Hafutwi Siku Hiyo Hiyo?

Hotuba iliyotayarishwa kwa mabaraza ya wadi



Kuna swali linalorudi barazani: karani fulani inasemekana cheti chake cha kidato cha nne ni bandia; mbona bado yuko kazini? Swali ni halali. Mshahara wake hutoka kwenye kodi, na ada za soko zimo humo.

Jibu linaanzia kwenye Katiba. Kifungu cha 236 kinakataza mtumishi wa umma kufutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapoathiri haki zake.

Kwa hivyo cheti kwanza hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, ambalo ndilo lenye rekodi. Likisema halikukitoa, karani anaandikiwa barua ya kujieleza. Barua hiyo itaje kosa lenyewe. Ikisema tu "utovu wa nidhamu", atajibu nini? Kisha anaitwa asikizwe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aelezwe kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Tena, aliyemshtaki asiketi kuwa mwamuzi. Hilo husahaulika kwa urahisi, hasa katika idara ndogo yenye mkubwa mmoja.

Wapo wanaosema huko ni kumbembeleza mwizi. Lakini utaratibu ukirukwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, hata kama kosa lilikuwepo. Pesa hizo hutoka mfuko ule ule unaonunua dawa za zahanati. Na kuna asiye na hatia pia: mama aliyebadilisha jina alipoolewa, cheti kikabaki na jina la zamani. Huyo akifutwa kwa uvumi, watoto wake ndio watakaolala njaa.

Asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Hiyo ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77.

Mwananchi mwenye lalamiko amwandikie katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Ataje tarehe, mahali na alichokiona yeye mwenyewe, si alichosimuliwa. Barua isiyo na jina yaweza kuanzisha uchunguzi, ila haiwezi kuulizwa maswali siku ya kusikizwa, shahidi anaweza. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, ndiyo atakayoishika akirudi kuuliza jambo lake limefika wapi.