Marufuku ya Simu Haitoshi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Isongole, Wilaya ya Ileje)



Isongole ni mlango wa nchi. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, na wengi wenu mnao jamaa pande zote mbili. Hapa simu si anasa: humwunganisha mama na mwanawe aliyeko Tunduma, na huleta fedha za ada. Kwa hiyo sikusimama kuilaani simu. Nataka tuutazame urafiki wa vijana wetu.

Zamani barua ya kijana ilisomwa, ikafichwa au ikachomwa, na mambo yakaishia hapo. Aliyetaka kugombana na mwenziwe ilimbidi amtazame usoni, na macho ya mtu yana haya zake. Leo tusi huandikwa gizani, na picha aliyopewa mmoja kwa siri huweza kufika kwa darasa zima kabla ya kengele ya asubuhi. Urafiki huvunjika, lakini picha hubaki, ikageuka kuwa silaha. Mara nyingi anayeaibishwa ni msichana.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji wa namna hiyo; adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni wanafunzi wangapi wanaoijua?

Shuleni tumepiga marufuku simu, na sababu zake ni za haki. Lakini marufuku peke yake huzaa ukimya. Mwanafunzi anayetishwa kwa picha yake hathubutu kusema, maana kusema ni kukiri kwamba alikuwa na simu. Hivyo kanuni iliyowekwa kumlinda inamlinda anayemtisha.

Ndugu Walimu, mtoto wa namna hiyo akija, asianze kuulizwa simu ameipata wapi. Aulizwe kwanza nani anamtisha. Suala la kanuni lingoje zamu yake. Nasi wazazi tukumbuke kwamba laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Laini ya mtoto, mara nyingi, ina jina la mtu mzima. Tuliompa laini tumpe na mazungumzo.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini hakunjwi kwa kufungiwa mlango.