Mwendo wa Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa Ndege

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya hesabu ambayo wanafunzi wangu wa ualimu hapa Morogoro huiona nyepesi, nami zamani nilidhani hivyo. Toka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni mbali gani, na ndege huchukua muda gani?

Ukinyosha uzi juu ya ramani, miji hiyo imeachana kwa kilomita 850 hivi, yaani kama maili 530. Kwa reli ni kama kilomita 1,200, maana njia yapita Morogoro, Dodoma na Tabora. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Ndege ya jeti ikiwa juu yaweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Mwanafunzi hugawanya, akapata saa moja na dakika nne. Lakini safari huchukua saa moja na nusu hivi, kwa kuwa ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda ikijikaza, kisha hupunguza mwendo kabla ya kutua.

Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilipoanza kuleta barua Mwanza kutoka London, zilichukua kama siku kumi. Basi saa moja na nusu ni nini?

Sasa sikilizeni. Nilikuwa likizoni kwetu milimani, upande wa Mgeta, habari ikaja usiku kwamba mjomba wangu amefariki Mwanza. Nanyi mwajua kwetu Uluguru mjomba ni nani: ukoo wafuata mama, na katika ukoo wetu mpwa mkubwa ndiye atiaye mchanga wa kwanza. Nikapiga hesabu upesi, nikawaambia kwa simu, “Ningojeni, kesho saa kumi nitakuwa nimefika.”

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imekata barabara, nikashuka kwa miguu katika utelezi mpaka adhuhuri, ndipo nikapata gari. Morogoro nikapanda treni ya umeme, hiyo iliyoanza mwaka 2024. Ni mbio kweli, mwendo wa saa mbili hivi. Lakini tazameni ramani: Mwanza iko kaskazini magharibi, na Dar es Salaam iko mashariki. Mimi nilikuwa nikikimbia kwa kasi kubwa nikiipa kisogo maiti ya mjomba wangu. Nikafika pwani usiku, nafasi ikapatikana katika ndege ya asubuhi tu.

Nilibisha hodi Mwanza saa tatu asubuhi ya siku ya pili. Saa ishirini na saba zilikuwa zimepita, na katika hizo ndege ilichukua moja na nusu. Walikuwa wamemweka mpaka jua likitua, wazee wamesimama, watoto wana njaa, kwa ajili ya neno langu, kisha wakazika.

Sikulaumiwa. Mkaza mjomba aliingia ndani, akatoka na bakuli lenye mchanga aliouchota kando ya kaburi kabla halijafukiwa. Akasema, “Twende, baba, ukatie wako.”